Katalogi 68, Barabarani 40: Haibridi ya Kuchaji Ipi Inafaa Mtwara na Lindi?

Malipo ya korosho yakishaingia, simu yangu hujaa picha za magari ya Japani. Mwaka huu nyingi zina tundu la kuchaji ubavuni: ni haibridi za kuchaji (PHV au PHEV), zenye injini ya petroli pamoja na betri unayoichaji ukutani. "Shemeji," aliniandikia ndugu wa mke wangu anayekaa Chuno, "hii imeandikwa inatembea kilomita 68 kwa umeme. Kazini, shuleni kwa watoto na kurudi nyumbani kwangu ni 40. Si ndiyo nimeagana na sheli?"

Nilimwambia asiage kwanza. Nikaanza kumwandikia jibu, likawa refu, na nimeona bora niliweke hapa kwa sababu si yeye peke yake anayeuliza.

Magari ninayoyalinganisha ni manne, yale ambayo watu wetu wanayaagiza au wanayafikiria. La kwanza ni Toyota Prius PHV ya awali, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2012. La pili ni Prius PHV iliyofuata, ya 2017. La tatu ni Mitsubishi Outlander PHEV, ile ya kuanzia 2013 yenye injini ya lita 2.0. La nne si la kuchaji kabisa: Toyota Aqua, haibridi ya kawaida inayojichaji yenyewe kwa injini na breki. Nimeliweka kwa sababu wengi wanaobabaika kati ya hayo matatu wangepaswa kulitazama na hili pia. Mimi naendesha Prius ya 2017, kwa hiyo maneno yangu yapime ukijua hilo.

Ninapima nini

Mambo matano: namba ya katalogi ina ukweli kiasi gani, namba ya dashibodi (kilomita za umeme inazosema zimebaki) inayumba kiasi gani, kosa la kilomita kumi linakugharimu shilingi ngapi, betri ya mtumba unaipimaje, na gari linavumilia vipi barabara, abiria na umeme wetu. La tatu ndilo ambalo watu hawaliulizi, na kwangu ndilo zito kuliko yote.

Namba ya katalogi

Kilomita 68 za shemeji si uongo wa kutungwa. Zilipimwa kwa utaratibu wa Japani uitwao JC08: gari linawekwa juu ya roli ndani ya chumba, linazungushwa safari ya kilomita 8 na kidogo kwa dakika kama 20, mwendo wa wastani kilomita 24.4 kwa saa, na kasi ya juu kabisa haifiki 82. Kiyoyozi kimezimwa. Hakuna upepo wa bahari, hakuna lori la saruji mbele yako, hakuna mama mkwe na magunia mawili nyuma.

Wamarekani waliyapima magari haya haya, mengine yakiwa na majina tofauti (Prius Prime, Prius c), lakini kwa utaratibu unaoshusha matokeo ya maabara yafanane na barabara. Tazama yalivyoanguka:

| Gari | Betri (uniti) | Katalogi ya Japani | Kipimo cha Marekani | Uniti za ukutani hadi ijae |
|---|---|---|---|---|
| Prius PHV 2012 | 4.4 | km 26.4 | km 18 | takriban 3.2 |
| Prius PHV 2017 | 8.8 | km 68.2 | km 40 | takriban 6.3 |
| Outlander PHEV (2.0) | 12 | km 60.2 | km 35 | takriban 10 |
| Aqua | chini ya 1 | haichajiwi | haichajiwi | 0 |

Uniti hapo ni hizo hizo za LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Ukiona betri ni ya uniti 8.8 lakini ukutani inameza 6.3 tu, usishtuke: gari huacha sehemu ya betri bila kuigusa ili betri isichakae upesi na ili haibridi iendelee kufanya kazi.

Kwa magari mawili yenye betri kubwa, toa asilimia 40 kwenye namba ya Japani utakuwa karibu na ukweli. Kwa Prius ya 2012 toa theluthi. Na hapo tunazungumzia betri mpya.

Namba ya dashibodi

Hii ndiyo inayogombanisha watu na magari yao. Jana asubuhi imesema 41, leo asubuhi inasema 33, na betri imejaa siku zote mbili. Mtu anadhani kauziwa mbovu.

Dashibodi haijui unakwenda wapi. Inajua betri ina uniti ngapi, na inakumbuka siku zilizopita ulikuwa ukila uniti ngapi kwa kilomita. Inagawa, inakuandikia jibu. Kwa hiyo namba ile ni kumbukumbu ya mwendo wako wa jana, na safari ya leo haimo ndani yake.

Mara moja nilishuka kutoka Newala kuelekea Masasi, ule mteremko wa kuacha Uwanda wa Makonde. Kwenye mteremko gari halili umeme, linarudisha. Breki zinageuka jenereta. Nikachaji Masasi usiku, asubuhi dashibodi ikaniahidi umbali ambao gari langu halijawahi kuufikia. Lilikuwa likikumbuka mteremko. Nilipogeuza kupanda kurudi Newala ile ahadi ikayeyuka kama barafu ya dagaa. Hesabu yake si ngumu: kuinua Prius yenye watu wachache mita 100 juu kunahitaji karibu nusu uniti, kabla hujahesabu kusonga mbele. Outlander, kwa uzito wake, ni nusu na ushee. Ukishuka unarudishiwa sehemu, kamwe si yote.

Jambo la pili ni kiyoyozi. Wenzetu wa nchi za baridi hulalamikia hita. Sisi hita hatuijui, lakini Machi ya Mtwara bila kiyoyozi ni adhabu. Chukulia kinavuta kilowati moja, yaani uniti moja kila saa. Zingatia neno *saa*. Kiyoyozi hakihesabu kilomita. Ukienda Mikindani moja kwa moja, kilomita kama kumi kwa robo saa, kimekula robo ya uniti. Ukizunguka mjini sokoni, benki, Ligula kumwona mgonjwa, huku umemwacha mtu ndani ya gari na kiyoyozi kinanguruma, saa nzima imepita, uniti imekwenda, na umesogea kilomita sita. Kwa Prius ya 2017 uniti moja ni kilomita 6 hivi ulizozipoteza. Kwa Outlander ni kilomita tatu na nusu.

Sasa magari yenyewe. Prius ya 2012 ina betri ndogo, kwa hiyo hata ikikosea haina nafasi ya kukosea sana. Namba yenyewe ni ndogo. Kero yake ni nyingine: ukikanyaga kwa nguvu au ukikaribia kilomita 100 kwa saa, injini inaingia ingawa dashibodi bado inaonyesha umeme. Prius ya 2017 inavumilia kasi kubwa zaidi kwa umeme mtupu, hadi 135, na inajifunza mwendo wako. Ukiendesha njia ile ile kila siku, baada ya wiki namba yake inatulia. Inayumba ukibadilisha njia au ukimwazima mtu mwenye mguu mzito. Outlander ndilo linaloyumba zaidi, kwa sababu ni zito, limesimama kama kabati mbele ya upepo, na tofauti kati ya kuliendesha polepole na kulikimbiza ni kubwa. Tena lina tabia ya kuwasha injini lenyewe likikaa takriban miezi mitatu bila kuongezwa petroli, ili mafuta ya zamani yasiozee tangini. Mwenye gari asiyejua hukimbilia kwa fundi.

Aqua haikuahidi chochote, kwa hiyo haikukosei. Msiicheke sifa hiyo.

Kilomita kumi za uongo ni shilingi ngapi?

Haibridi ya kuchaji haikuachi njiani. Umeme ukiisha mapema, injini inaingia na unaendelea. Kwa hiyo kosa la dashibodi halikulazi porini Kilwa. Linakutoza pesa tu. Swali ni kiasi gani, na kila gari lina bei yake.

Nimetumia shilingi 356 kwa uniti, bei ya kawaida ya nyumbani pamoja na kodi na tozo, na petroli shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Wewe weka bei kikomo ya mwezi huu ya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, kwa Mtwara au Lindi. Ulaji wa petroli nimeutoa kwenye kipimo kile kile cha Marekani.

Prius ya 2017: kilomita moja kwa umeme ni shilingi 56 hivi. Kwa petroli, lita ikienda kilomita 23, ni 130. Kila kilomita ambayo dashibodi ilikudanganya inakugharimu shilingi 74. Kilomita kumi, 740. Bei ya chai na vitumbua.

Prius ya 2012: umeme wake, ukichanganya na petroli kidogo inayoponyoka, ni kama 77, petroli 143. Tofauti ni 66 kwa kilomita.

Outlander: kwa umeme kama shilingi 100. Kwa petroli, lita ikienda kilomita 10.6, ni 283. Kila kilomita ya uongo ni shilingi 183. Kumi kwa siku ni 1,830. Ukikosewa hivyo siku 26 za mwezi, shilingi 47,580 zimekwenda kwa ajili ya namba uliyoiamini wakati wa kununua.

Aqua: 143 kwa kilomita, leo na kesho.

Kwa hiyo anayetaka Outlander ndiye anayehitaji kupima kwa makini zaidi, maana kwake umeme ndio unaolifanya gari livumilike mfukoni. Prius ya 2017 ikikosea inabaki gari la bei nafuu kuendesha. Nilipomwonyesha shemeji hesabu hii alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama Outlander inapatikana ya dizeli. (Hii ya kuchaji haipatikani. Alikuwa anatafuta pa kutokea.)

Safari ndefu inabadilisha picha. Mtwara hadi Lindi, tuseme kilomita 105, ukiondoka na betri iliyojaa: Prius ya 2017 itakula shilingi 10,700 hivi, Prius ya 2012 karibu 13,800, Aqua 15,000, Outlander 23,300. Betri ndogo ya Prius ya 2012 hapo imekuokolea shilingi elfu moja na ushee tu dhidi ya Aqua. Ukienda Dar es Salaam, hata hiyo ya 2017 inabaki kuwa haibridi ya kawaida kwa sehemu kubwa ya njia. Dokezo moja: yote matatu yana kitufe cha kuhifadhi umeme. Tumia petroli barabara kuu, umeme uuache kwa ajili ya mjini utakapofika. Kitufe cha Outlander cha kuchaji betri kwa injini mkiwa njiani, achana nacho. Unanunua umeme kwa bei ya petroli.

Betri ya mtumba, na shahidi asiyependelea

Namba zote hapo juu ni za gari jipya. Sisi tunanunua lililokaa miaka saba, kumi, kumi na mbili, likapita kwa mtu usiyemjua. Betri huchakaa kwa umri, kwa joto na kwa kuchajiwa, na dashibodi haitakuambia waziwazi.

LUKU itakuambia. Liendeshe gari mpaka umeme uishe na injini ishike kazi. Rudi nyumbani, soma uniti zilizobaki kwenye mita, zima vitu vingine unavyoweza, chomeka gari, usubiri lijae, soma tena. Prius ya 2017 yenye afya itameza karibu uniti 6.3. Ikimeza 4.5, umeshapata jibu: karibu theluthi ya safari imekwenda, chochote dashibodi inachosema. Outlander ikimeza 7 badala ya 10, ni hadithi ile ile, na kwa bei zake hadithi hiyo inauma zaidi. Prius ya 2012 hupimwa vivyo hivyo dhidi ya 3.2, ingawa kwenye betri ndogo hivyo friji ya nyumbani inatosha kukuvurugia hesabu, kwa hiyo izime kweli.

Kisha pima barabarani: betri imejaa, kiyoyozi kimewashwa, Shangani hadi Mikindani na kurudi, tena na tena, mpaka injini iamke. Andika kilomita. Hiyo ndiyo namba ya kununulia gari. Muuzaji akikataa jaribio la namna hii kwa sababu "dashibodi inaonyesha yenyewe", mwachie gari lake.

Aqua nayo ina betri inayochakaa, ndogo, na ikichoka utaona kwenye ulaji wa mafuta. Jaribio lake ni tangi: jaza, tembea, jaza tena, gawa.

Barabara, viti na soketi

Hapa nitapita haraka. Outlander limeinuka milimita 190 na lina mota mbele na nyuma. Ukitoka lami kwenda Msimbati kwenye mchanga, au shambani baada ya mvua, hakuna mjadala. Prius zote mbili na Aqua ziko milimita 130 hadi 140, na mnyanyuko mbaya wa barabara ya vumbi utausikia chini ya miguu yako. Prius za 2017 za mwanzo zina viti vinne tu, nyuma wanakaa wawili. Ya watu watano ilikuja 2019. Familia nyingi hugundua hilo gari likiwa limeshatua bandarini.

Kuchaji kwa volti 200 kunachukua dakika 90 kwa Prius ya 2012, saa mbili na dakika 20 kwa ya 2017, saa nne kwa Outlander. Waya wa Japani uonwe na fundi umeme kabla hujauchomeka kwenye volti 230 zetu, na soketi iwe na ethi ya kweli na breka yake. Sisi tunaokaa karibu na gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa tangu 1982, giza la ghafla tunalijua vizuri. Gari linalohitaji saa nne za umeme linakatwa njiani mara nyingi kuliko linalohitaji saa mbili.

Na kama nyumba yako iko kwenye bei ya chini ya wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, jua kwamba uniti 6.3 kwa siku 26 ni 164. Gari litaitoa nyumba nzima kwenye bei hiyo, friji na taa zikiwemo. Ongeza hilo kwenye hesabu kabla hujashangilia shilingi 56.

Wewe uko wapi?

Una nyumba yako, mita yako, pa kuegesha ndani, mizunguko ya mjini kilomita 25 hadi 40 kwa siku, na hamzidi wanne: Prius ya 2017, iliyofaulu jaribio la LUKU. Hesabu 30 za umeme, usihesabu 68.

Mizunguko yako ni mifupi sana, Chikongola hadi bandarini na kurudi, na bajeti imebana: Prius ya 2012 inaweza kutosha. Ila linganisha bei yake ya kununua na ya Aqua. Kama tofauti ni kubwa, akiba ya shilingi 66 kwa kilomita kwenye kilomita 15 haifiki elfu moja kwa siku.

Una shamba Tandahimba au Nachingwea, unabeba watu na mizigo, unapita vumbi, na nyumbani unachaji kila usiku bila kukosa: Outlander, baada ya kulipima bila huruma. Usipoweza kuchaji kila usiku, unanunua gari zito la petroli lenye betri ya mapambo. Si kwetu tu: Machi 2024 Tume ya Ulaya ilionyesha kwamba haibridi za kuchaji barabarani zilitoa hewa ya ukaa mara tatu na nusu ya zilivyopimwa maabara, na sababu kubwa ni kwamba wenyewe hawazichaji kama ilivyodhaniwa.

Umepanga chumba, mita mnachangia, gari linalala nje ya geti, au kila wiki uko njiani Lindi, Kilwa, Dar: Aqua, au Prius isiyochajiwa. Mwenye nyumba akiona uniti sita zimekatika usiku mmoja, urafiki umekwisha.

Shemeji wa Chuno bado hajaagiza. Juzi usiku alinitumia picha mbili za mita yake, moja ya saa tatu usiku, nyingine ya alfajiri. Hakuna gari lililochomekwa. Anataka kujua kwanza friji yake peke yake inakula uniti ngapi, ili siku ya kulijaribu gari asije akailaumu betri kwa kosa la friji.